Utawala wa Angola katika Mpira wa Kikapu, Ulivyoonekana kutoka Mlango wa Ruvuma

Tarehe 24 Agosti 2025, katika ukumbi wa Kilamba jijini Luanda, timu ya taifa ya Angola iliishinda Mali kwa pointi 70 kwa 43 na kutwaa kwa mara ya 12 ubingwa wa AfroBasket, yaani michuano ya mpira wa kikapu ya mataifa ya Afrika kwa wanaume, ambayo ilianza kuchezwa mwaka 1962. Hakuna taifa jingine barani ambalo limefikia hata nusu ya idadi hiyo. Mataji manne yalipatikana mfululizo kati ya 1989 na 1995, sita mfululizo kati ya 1999 na 2009, moja mwaka 2013, na hili la karibuni lilikuja baada ya ukame wa miaka 12. Mfululizo wa namna hiyo ndio unaoitwa utawala katika makala haya, kwa maana ya hali ambayo ushindi wa timu hautegemei tena bahati ya siku wala kipaji cha kizazi kimoja, bali umekuwa tabia ambayo wapinzani huitazamia na kuihesabu kabla hawajavaa viatu vya mchezo.

Katika Mkoa wa Mtwara, ulioko pembe ya kusini-mashariki kabisa ya Tanzania, habari za ushindi huo zilikuta mjadala wa zamani ukiwa umefufuka. Wadau kadhaa wa michezo ya shule walikuwa wamependekeza kwamba mkoa uanze kusaka vijana warefu katika vijiji vya uwanda wa Makonde na vya bonde la Ruvuma, wapelekwe Dar es Salaam na hatimaye ng'ambo, ili apatikane mchezaji mmoja wa kuitangaza nchi. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye alizaliwa Mikindani na amefundisha shule za sekondari za mkoa huo kwa zaidi ya miaka 20, alilisikia pendekezo hilo akiwa na kumbukumbu za zaidi ya miongo mitatu za kuifuatilia Angola kwa mbali, kwanza kwa redio na baadaye kwa runinga. Kumbukumbu hizo zinasimuliwa hapa kwa ufupi, kwa sababu kila moja ilimfundisha jambo ambalo pendekezo la kusaka warefu limelisahau.

Kumbukumbu ya kwanza ni ya Julai 1992. Mwandishi alikuwa kidato cha pili katika shule moja ya mjini Mtwara iliyokuwa na uwanja mmoja wa kikapu, wenye sakafu ya saruji iliyopasuka, ubao wa mbao za mwembe na pete ya chuma iliyokunjwa na mhunzi wa mtaani, ambaye aliifanya nyembamba kidogo kuliko kipimo kwa kuwa hakuwahi kuuona mpira wenyewe. Runinga ilikuwa haijafika Tanzania Bara, na michezo ya Olimpiki ya Barcelona ilifuatwa kwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kwa idhaa za Kiswahili za London na Ujerumani, ambazo nyakati za usiku, upepo wa kusi ukivuma, zilisikika vizuri zaidi ufukweni Shangani kuliko ndani ya mabweni. Ilikuwa Olimpiki ya kwanza kwa Marekani kupeleka wachezaji wa kulipwa wa NBA, ligi kuu ya nchi hiyo, na katika kikosi hicho walikuwamo Michael Jordan, Magic Johnson na Larry Bird. Mchezo wao wa kwanza, tarehe 26 Julai, ulikuwa dhidi ya Angola.

Matokeo yalikuwa 116 kwa 48. Hadi mapumziko Angola ilikuwa imepata pointi 16 tu dhidi ya 64, na kipo kipindi ambacho Marekani ilifunga pointi 46 huku Angola ikiambulia moja. Wanafunzi wa bweni walicheka sana, na kwa wiki nzima neno "Angola" likawa jina la utani la kila timu ya darasa iliyofungwa mabao mengi. Miaka mingi baadaye, mwandishi alipoanza kusoma magazeti ya michezo kwa bidii, aligundua kwamba dunia nayo ilikuwa imebaki na kumbukumbu ileile ya kicheko, kwa kuwa kilichoandikwa zaidi kuhusu siku hiyo kilikuwa kiwiko ambacho Charles Barkley alimpiga Herlander Coimbra wa Angola, mtu mwembamba aliyesimama mbele ya bonge la mwanamume.

Lakini siku chache baada ya kipigo hicho, katika kundi lilelile na jiji lilelile, Angola iliifunga Hispania, iliyokuwa mwenyeji wa mashindano, kwa pointi 83 kwa 63. Habari hiyo ilipita redioni kwa sentensi moja, baada ya riadha na kabla ya bei za mazao, na bwenini hakuna aliyeamka kuisherehekea. Mwandishi anakiri kwamba yeye mwenyewe aliisikia bila kuielewa, na ilimchukua muda mrefu kutambua maana yake: timu iliyozidiwa kwa pointi 68 na kisha, katika juma hilohilo, ikawazidi Wazungu wenye ligi ya kulipwa kwa pointi 20, haikuwa timu dhaifu iliyobahatika, bali timu imara iliyokutana mara moja na nguvu isiyo na kifani. Kocha wake, Victorino Cunha, alikuwa tayari ameiongoza kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1989 jijini Luanda. Funzo la kwanza, kwa hiyo, linahusu kipimo. Mtu anayeipima timu kwa mchezo mmoja, hasa mchezo uliompendeza au kumchekesha, hupata hadithi ya kusimulia barazani, ila hapati maarifa ya kuijengea timu yake.

Kumbukumbu ya pili ni ya likizo za miaka ya katikati ya 1990, katika kijiji kimoja karibu na Kilambo, mahali ambapo watu huvuka Ruvuma kwenda Msumbiji kwa mitumbwi kupitia maji yanayobadilika kina kila msimu, kati ya mafungu ya mchanga na viboko. Vita vya ndani vya Msumbiji vilikuwa vimekoma kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, na wakimbizi wengi walikuwa wamerudi kwao, lakini baadhi walibaki upande wa Tanzania kwa sababu ya ndoa, mashamba ya mikorosho au mazoea. Miongoni mwao alikuwamo fundi baiskeli mmoja aliyekulia Mocímboa da Praia, ambaye vijana wote wa kijiji walimwita Mjomba, na ambaye mpira wa kikapu aliuita "basikete". Aliujua tangu utoto, kwa kuwa katika miji ya makoloni ya Wareno mchezo huo ulichezwa katika klabu na shule mapema kuliko ulivyoenea katika miji midogo ya Tanganyika, ambako Waingereza waliacha zaidi soka. Hiyo ni sababu mojawapo ya mataifa yanayozungumza Kireno, Angola na Msumbiji, kukutana mara kwa mara katika hatua za juu za kikapu cha Afrika.

Mjomba alichimbia milingoti miwili ya mikoko kwenye kiwanja cha udongo mgumu nyuma ya ghala la korosho, akafungia juu yake rimu za baiskeli alizoziondoa spoku, kisha kwa wiki mbili nzima akawakataza vijana kutupa mpira. Waliteleza kulia na kushoto wakiwa wamekunja magoti, mikono wazi, wakimkaba mtu asiye na mpira, hadi mapaja yakawawaka. Walipolalamika aliwajibu kwa utulivu, "Wanangu, kwenye mchezo huu mikono ni mgeni, mwenye nyumba ni miguu." Alipoulizwa kwa nini Angola inashinda, hakutaja jina la mchezaji hata mmoja. Alisema tu kwamba kule kuna mchezo kila wiki, na kwamba mtu anayecheza kila wiki hana muda wa kuogopa.

Maneno hayo yalithibitika baadaye kwa kusoma. Baada ya uhuru wa tarehe 11 Novemba 1975, taasisi kubwa za Angola zilikuwa na klabu zake: jeshi lilikuwa na Primeiro de Agosto, jina lenye maana ya tarehe mosi Agosti, iliyoanzishwa mwaka 1977, kampuni ya mafuta ya taifa ikaifadhili Petro de Luanda, iliyoanzishwa mwaka 1980, polisi wakawa na Interclube. Klabu hizo zilikuwa katika jiji moja, zilikutana mara nyingi kwa mwaka, na wachezaji wa timu ya taifa walitoka humo karibu wote, kiasi kwamba waliposafiri kwenda mashindanoni walikuwa wanajuana kama mabaharia wa jahazi moja. Ni kweli kwamba yote haya yalifanyika huku nchi ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyodumu hadi mwaka 2002, na wapo wanaodai kwamba vita ndivyo vilivyowakomaza Waangola. Dai hilo halikubaliki kwa mtu aliyeishi mpakani. Vita vilimfukuza Mjomba kutoka uwanja aliojifunzia, na mwaka 2017 mji wake wa Mocímboa da Praia ulikuwa wa kwanza kushambuliwa katika machafuko mapya ya Cabo Delgado, na hakuna kikapu kilichostawi kwa sababu hiyo. Angola ilifanikiwa kwa kuwa Luanda ilibaki na sehemu ambayo ratiba ya michezo iliweza kuheshimiwa, si kwa kuwa mashambani kulikuwa na mabomu.

Kumbukumbu ya tatu inahusu barabara. Mwandishi alipoanza kufundisha, Mtwara ilikuwa bado inahesabika kama kisiwa cha nchi kavu, kwa maana kwamba katika miezi ya masika magari hayakuweza kupita bonde la Rufiji, na anayekwenda Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 550, alitegemea meli au ndege. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, ingawa kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kwa miaka zaidi ya kumi kuwazamisha abiria katika tope. Mwaka uliofuata mwandishi aliongoza kikosi cha wavulana kumi kwenda Dar es Salaam kwa basi kucheza michezo mitatu ya kirafiki. Safari ilichukua siku mbili, na wawili kati ya wachezaji walishuka wakiwa na miguu iliyovimba.

Mchezo wa kwanza walifungwa kwa tofauti ya pointi 51. Hawakuwa wafupi kuliko wapinzani wao. Nahodha wao, kijana wa Kimakua kutoka wilaya ya Masasi, ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote uwanjani. Kilichowashinda kilionekana katika robo ya pili, yaani kipindi cha pili kati ya vinne vya mchezo, pale wapinzani walipoanza kuwakaba uwanja mzima, mbinu ya kumbana mwenye mpira tangu chini ya kikapu chake mwenyewe. Vijana wa Mtwara walikuwa wameisoma mbinu hiyo ubaoni lakini hawakuwahi kuchezewa hivyo na mtu yeyote, kwa sababu katika mwaka mzima walikuwa wamecheza michezo mitatu tu, yote dhidi ya shule jirani inayowajua kwa majina. Wapinzani wao walitoka katika jiji lenye Pazi, Vijana, Savio na JKT, klabu ambazo hata mwanafunzi anaweza kwenda kuzitazama zikicheza jioni na kurudi nyumbani kwa daladala. Siku ya pili tofauti ilikuwa pointi 30, na siku ya tatu ilikuwa 12. Walirudi Mtwara bila ushindi, lakini katika siku tatu walikuwa wamejifunza zaidi ya walivyojifunza katika misimu miwili ya mazoezi. Hapo ndipo kauli ya Mjomba kuhusu mchezo wa kila wiki ilipomrudia mwandishi, safari hii akiielewa.

Kumbukumbu ya nne, ambayo ndiyo kiini cha makala haya, ni ya mwaka 2009. Tarehe 25 Juni mwaka huo, katika uteuzi wa NBA, yaani siku ambayo klabu za ligi hiyo huchagua kwa zamu wachezaji wapya, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21, aliyetoka katika Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote na klabu ya Memphis Grizzlies. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko kabla yake. Mtwara ilisherehekea kama vile kijana huyo alizaliwa Chikongola. Ndani ya mwezi mmoja pete zilichipuka kila mahali: kwenye minazi ya Msangamkuu, kwenye nguzo za umeme, kwenye ukuta wa soko, mafundi seremala walipata oda za ubao, na katika shule ya mwandishi idadi ya wanaotaka kujiunga na timu iliongezeka kutoka 14 hadi 60. Walimu walianza kuwapima wanafunzi kimo wakiwa wamesimama mlangoni, na aliyezidi alama ya chaki alipewa nafasi hata kama hakuweza kudunda mpira hatua tatu bila kuupoteza.

Mwezi Agosti wa mwaka huohuo Angola ilikwenda Libya na kutwaa ubingwa wa Afrika wa sita mfululizo. Jambo ambalo karibu hakuna aliyeligusia ni kwamba hadi siku hiyo hakuna Mwangola hata mmoja aliyewahi kucheza NBA. Wa kwanza, Bruno Fernando, aliteuliwa mwaka 2019, yaani miaka 30 baada ya taifa lake kutwaa taji la kwanza. Hivyo, katika majira ya kusi yaleyale, nchi moja ilikuwa na mtu katika ligi kubwa kuliko zote duniani ilhali timu yake ya taifa haikuwa mbioni kutwaa chochote, na nyingine ilikuwa na taji la sita mfululizo bila kuwa na mtu huko. Mafanikio ya Thabeet yalikuwa ya kweli na ya jasho lake, wala hakuna haki ya kumtwisha yeye mzigo wa nchi nzima. Kosa lilikuwa la waliobaki nyumbani, mwandishi akiwamo, waliochukulia kwamba mti mmoja mrefu ukishaonekana, msitu utafuata wenyewe. Kufikia mwaka 2011 pete nyingi za Mtwara zilikuwa zimepata kutu ya chumvi ya bahari na kuanguka, baadhi ya mbao zikawa meza za wauza samaki, na timu ya shule ikarudi kuwa na wanafunzi 14. Wenyeji wa pwani hii wanajua kwamba mkoko hausimami kwa urefu wa shina, bali kwa wingi wa mizizi inayojishika katika tope. Ni ajabu kwamba maarifa hayo hayakuvuka kutoka ufukweni hadi uwanjani.

Mwaka huo wa 2011 ulileta funzo jingine. Katika fainali iliyochezwa Antananarivo, Madagaska, Tunisia iliishinda Angola kwa pointi 67 kwa 56, na utawala uliodumu tangu 1999 ukakatika. Mwandishi, ambaye wakati huo alikuwa na runinga, anakumbuka kwamba hakuhuzunika sana, bali alitaka kujua timu iliyozoea kushinda hufanya nini inaposhindwa. Angola ilirudi mwaka 2013 ikalitwaa tena taji jijini Abidjan, ikapoteza fainali ya 2015 kwa Nigeria, kisha ikatoweka katika fainali huku Tunisia ikitwaa mataji ya 2017 na 2021. Katika kipindi hicho chote cha kushuka, ligi ya Luanda haikufungwa. Mwaka 2024 Petro de Luanda ilitwaa ubingwa wa BAL, ligi ya klabu bingwa za Afrika inayoendeshwa na NBA kwa kushirikiana na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, na mwaka uliofuata taifa likarudi juu. Mchezaji bora wa AfroBasket 2025 alikuwa Childe Dundão wa klabu hiyohiyo ya Petro, mlinzi ambaye hafiki hata mita 1.75 na ambaye angesimama chini ya kwapa la Thabeet. Lau angalizaliwa Mtwara mwaka ambao walimu walikuwa wakipima vimo kwa chaki, angerudishwa darasani asubuhi ileile.

Kumbukumbu ya tano ni ya mwaka 2013, wakati mjadala wa gesi ya Mnazi Bay na bomba la kuipeleka Dar es Salaam ulipopamba moto mkoani na kuacha majeraha ambayo si mahali pake hapa kuyafungua. Katika mazoezi ya jioni, mwanafunzi mmoja wa kike aliuliza, "Mwalimu, Angola wana mafuta, sisi tuna gesi, sasa na sisi tutajengewa ukumbi?" Swali hilo lilistahili jibu la uangalifu. Ni kweli kwamba fedha za mafuta zimeibeba Petro, na kwamba bila mfadhili wa kudumu klabu haiwezi kulipa makocha wala nauli. Lakini Libya ina mafuta na Algeria ina mafuta na gesi, na hakuna kati yao iliyowahi kutwaa taji hilo. Nigeria, yenye mafuta na watu wengi kuliko taifa lolote barani, imelitwaa mara moja tu kwa upande wa wanaume, mwaka 2015. Utajiri wa ardhini, kwa hiyo, unaweza kununua sakafu ya mbao na taa, ila haununui ratiba. Ratiba hutungwa na watu wanaokubaliana kukutana Jumamosi na kweli wakakutana.

Mwanafunzi huyo na wenzake walikuwa na sababu yao ya kuitazama Angola mwaka huo. Mwezi Septemba michuano ya Afrika ya wanawake ilichezwa Maputo, na katika fainali Angola, iliyokuwa bingwa mtetezi tangu 2011, iliwashinda wenyeji Msumbiji kwa tofauti ya pointi chache. Timu zote mbili zikafuzu kwenda mashindano ya dunia ya mwaka 2014 nchini Uturuki. Kwa wasichana wa bonde la Ruvuma, wengi wao wakiwa na shangazi na binamu upande wa pili wa mto, Msumbiji haikuwa nchi ya kigeni. Walianza kudai muda wao wa kiwanja, ambao hadi hapo walikuwa wakipewa tu wavulana wakichoka. Uongozi wa shule uliwapa Jumatano na Ijumaa, na bila mfadhili yeyote walibuni ligi ya madarasa iliyochezwa kila wiki, matokeo yakiandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo. Ukuta huo ulifika mwaka wa tatu bila wiki iliyorukwa, isipokuwa wiki za mitihani.

Matunda yake yalionekana katika UMISSETA, mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule za sekondari, ambayo mwaka 2019 na 2021 yalifanyika Mtwara yenyewe, na mikoa mingine ikapata nafasi ya kuonja umbali ambao Mtwara ilikuwa ikiusafiri siku zote. Wasichana waliorithi ligi ile ya ukutani hawakutwaa kombe. Hata hivyo, mwandishi aliyekaa pembeni mwa uwanja aliona jambo ambalo hakuliona mwaka 2004: timu ya jiji kubwa ilipoanza kuwakaba uwanja mzima, hakuna aliyeshangaa. Mlinzi mmoja, mfupi kuliko wote, aliinama, akapitisha mpira chini ya mkono wa mpinzani na kumfikia mwenzake aliyekwisha kukimbilia alipojua mpira utafika. Walifungwa kwa pointi tano. Mzazi mmoja jukwaani aliuliza kama kweli hao ni watoto wa huku, na swali hilo, ingawa lilikuwa na dharau ndani yake, lilipokewa na wasichana kama medali.

Kutokana na kumbukumbu hizi, pendekezo la kusaka vijana warefu linaonekana kuwa limeshika mkia badala ya kichwa. Hakuna ubaya kumtafuta mwenye kimo wala kumwombea afike mbali, kwa kuwa mchezo wa kikapu hauwezi kujifanya haujali urefu. Lakini mrefu huyo akipatikana katika kijiji chenye pete moja ya kutu, atang'olewa kama mche, apandwe kwingine, na kijiji kitabaki na picha yake ukutani. Kilichoipa Angola mataji 12 ni mambo yanayowezekana kwa kadiri yake hata katika mkoa wa pembeni: klabu zenye wenyewe wanaozilea mwaka hadi mwaka, ziwe za bandari, za polisi, za ushirika wa korosho au za mitaa, michezo ya mara kwa mara baina ya wanaojuana, safari za kwenda kufungwa na wanaozidi, makocha wanaoanza na miguu, na uvumilivu wa kuendelea na ratiba katika miaka ya kushindwa, ambayo kwa Angola ilikuwa 12 na kwa wengine yaweza kuwa zaidi.

Lipo jambo la mwisho ambalo mwandishi aliliona usiku wa fainali ya Luanda, na ambalo lilimfanya atafute daftari lake la zamani la matokeo. Mwaka 1992 Angola iliishia na pointi 48 mbele ya Marekani, na pointi hizo zikawa kicheko cha bwenini. Miaka 33 baadaye Angola hiyohiyo iliwabana Mali katika fainali ya bara wasipate zaidi ya 43. Baina ya namba hizo mbili hakuna jitu lililoshuka kutoka mbinguni. Kuna majina mengi ambayo Mtwara haikuyajua, na idadi ya Jumamosi ambayo hakuna aliyeihesabu. Jumatatu iliyofuata, katika kikao cha walimu wa michezo, mwandishi aliombwa kutoa orodha ya wanafunzi wenye kimo cha kuridhisha. Alipeleka karatasi yenye ratiba ya ligi ya shule sita, wiki kwa wiki hadi Desemba, ikiwa na majina ya waamuzi na ya dereva atakayebeba timu kutoka Kilambo.